Nota Zinazosomeka: Kwa Mwalimu wa Kwaya Mwenye Kompyuta

Jumamosi jioni umeme umekatika, na wanakwaya wanasoma kwa tochi za simu. Kopi za wimbo mpya umezigawa dakika tano zilizopita. Mzee mmoja wa besi ameishika yake mbali na macho, mkono umenyooka wote, halafu anauliza: "Mwalimu, tukifika hapa tunarudi wapi?" Wa teno anamjibu kwa kukisia, dada wa alto anabisha, na mazoezi yamegeuka baraza.

Mzee huyo ndiye unayemwandikia kila unapofungua programu ya nota. Wewe unauona wimbo kwenye skrini inayong'aa, unaukuza utakavyo, na sauti zote nne unazo kichwani tangu siku ulipoutunga. Yeye ana karatasi moja, amesimama, jirani anamchungulia begani, na huku anasoma anatakiwa autazame mkono wako. Karatasi ikimlazimisha kuuliza, kosa ni la aliyeiandaa.

Kama hujachagua programu, anza na MuseScore. Ni ya bure kabisa, na toleo lake la nne, lililotoka Desemba 2022, hupanga kurasa vizuri hata kabla hujaligusa. Sibelius na Dorico ni za kulipia; ukizimudu hutajuta, ila hazitakuandikia wimbo ulio bora kuliko ulio nao. Walimu wengi wa zamani walijifunzia Finale, na hao wana kazi ya haraka. Kampuni ya MakeMusic ilitangaza Agosti 2024 kwamba imeacha kuiendeleza, baada ya miaka 35 hivi. Iliyomo kwenye kompyuta yako itaendelea kufanya kazi mpaka kompyuta yenyewe ife. Usingoje siku hiyo. Fungua wimbo mmoja baada ya mwingine, kila mmoja uuhifadhi pia kama MusicXML, aina ya faili ambayo programu kubwa zote za nota huisoma. Ukiuhamishia kwingine mpangilio wa kurasa utavurugika kidogo, lakini nota na maneno vitafika salama.

Programu zote hizi zina tabia moja: hazikatai kitu. Andika vipimo ishirini bila mahali pa kuvuta pumzi, kompyuta itaviimba bila kukohoa. Mpandishe soprano hadi juu ya paa, atafika. MuseScore angalau hubadilisha rangi ya nota iliyo nje ya uwezo wa sauti au ala husika, na rangi hiyo usiidharau. Yaliyobaki ni juu yako.

Stafu mbili au nne

Uamuzi huu ufanye kabla ya nota ya kwanza. Wimbo ambao sauti zote husema neno lilelile kwa wakati mmoja unatoshea kwenye stafu mbili: soprano na alto juu kwa ufunguo wa G, teno na besi chini kwa ufunguo wa F. Hapo wimbo mzima unaweza kukaa ukurasa mmoja, na kila mtu anaona mwenzake anakwenda wapi. Mikia ya soprano na teno ielekee juu, ya alto na besi chini.

Wanaoanza huteleza palepale. Wanapandanisha nota ya soprano na ya alto kama kodi ya kinanda, mkia mmoja. Inaonekana sawa mpaka soprano anapotembea na alto anatakiwa kushikilia. Hapo kodi haigawanyiki tena, na mwandishi anaanza kubandika pinde za ajabu. Tangu mwanzo ziandike kama sauti mbili tofauti ndani ya stafu moja. Katika MuseScore, alto iingize baada ya kubonyeza Ctrl+Alt+2, na mikia itajipanga yenyewe.

Sauti zinapoingia kwa kupokezana, moja ikifukuza nyingine, stafu mbili hazitoshi. Fungua nne, kila sauti na maneno yake chini yake. Teno sasa anapata ufunguo wa G wenye 8 ndogo chini yake, maana anaimba oktavu moja chini ya ilivyoandikwa. Waimbaji wako wanajua hata usipoiweka hiyo 8. Kompyuta haijui, itamwimbisha teno juu ya alto, nawe utadhani umekosea upatanifu.

Ukubwa: stafu ya MuseScore huanza na urefu wa milimita 7, na kwa stafu mbili hakuna sababu ya kuipunguza sana. Ukiwa na sauti nne na kinanda, yaani stafu sita kwa safu moja, shuka hadi 5.5 hivi. Chini ya 5, wazee wa besi wataacha kusoma na kuanza kuunguruma kwa kumfuata jirani. Maneno huja kwa ukubwa wa pointi 10. Mimi huyapandisha hadi 11 au 12. Pembeni acha milimita 15 kila upande, kwa kuwa mashine ya kopi pale steshenari ina mazoea ya kula kingo.

Maneno, silabi kwa silabi

Nota zilizoandikwa kwa Kiswahili huharibikia hapa kuliko mahali pengine popote, na sababu yake ni kwamba tumejifunza kukata maneno kutoka vitabu vya Kiingereza. Utaona "Mun-gu", "pen-do", "im-ba". Silabi ya Kiswahili hupenda kuishia na irabu, na ile "mb", "nd", "ng" ni mwanzo wa silabi inayofuata: Mu-ngu, pe-ndo, i-mba. Si ubishi wa walimu wa sarufi. Mwanakwaya anayesoma "Mun-" kwenye nota ndefu atafunga mdomo kwenye "n" na kuvumisha puani mapigo matatu. Akisoma "Mu-" atakaa kwenye irabu, na ndiyo sauti unayoitaka. Maneno ya kukopa yana ruhusa yake: Kris-to, E-ka-ris-ti, lab-da.

Kisha kuna "m" inayosimama peke yake. "Mtakatifu" lina silabi tano, m-ta-ka-ti-fu, na "msalaba" lina nne. Mtunzi mmoja humpa "m" nota yake, mwingine humbana pamoja na silabi inayofuata. Njia zote mbili zinaimbika, lakini karatasi lazima iseme ni ipi. Chukua "tumshangilie". Ukiandika tu-m-sha-ngi-li-e, nota ni sita. Ukiandika tum-sha-ngi-li-e, ni tano. Kistari ndicho kinachomwambia mwimbaji afanye nini, kwa hiyo kiweke kama neno linavyoimbwa katika wimbo huo, na ukishachagua usibadilike ubeti wa tatu. Irabu pacha pia huhesabiwa: njo-o-ni, ju-u, m-ku-u. "Njoo-ni" chini ya nota tatu humwacha mtu na nota moja mkononi asijue ya nani.

Kwa upande wa vitufe, katika MuseScore chagua nota ya kwanza, bonyeza Ctrl+L, andika silabi. Kistari hukupeleka kwenye silabi inayofuata ya neno hilohilo, nafasi hukupeleka kwenye neno jipya. Silabi ya mwisho ya neno ikiendelea juu ya nota kadhaa, mstari wa chini (_) huivuta mpaka inapoishia. Weka na upinde juu ya nota hizo ili jicho lione ni pumzi moja. Maneno mawili yakigongana kwenye nota moja, kama "kwa i-" ya "kwa imani", Ctrl+Space hukupa nafasi bila kuhamia nota nyingine. Usiandike mashairi yote kwa kisanduku cha maandishi ya kawaida na kuyasogeza kwa kipanya mpaka yalingane. Siku utakapobadilisha upana wa ukurasa yatatawanyika kama kuku walioona mwewe.

Mashairi mawili au matatu yakae chini ya nota, yenye namba 1, 2, 3 mwanzoni. Ubeti wa pili ukizidi silabi moja hapa na pale, nota ndogo inatosha kuonyesha. Ukitofautiana sana, uandike upya kwa nota zake. Karatasi ya ziada ni bei ndogo kuliko jioni mbili za kueleza kwamba "hapa mnaharakisha kidogo halafu mnavuta".

Kuna kosa jingine ambalo maneno ndiyo hulifichua. Mkazo wa Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho: mwo-KO-zi, si-FU-ni. Soma maneno yako kwa sauti huku ukigonga meza kila mwanzo wa kipimo. Kama gonga linaangukia "-zi" na "-ni" mstari baada ya mstari, mara nyingi wimbo wenyewe hauna kosa. Mistari ya vipimo ndiyo imekaa pabaya. Uliusikia kichwani ukianza kwa pigo dhaifu, kwenye kompyuta ukauanzisha pigo la kwanza, na tangu hapo kila kipimo kimehama hatua moja. Dawa ni kipimo pungufu cha kuanzia, ambacho programu hukupa nafasi ya kukiweka unapofungua wimbo mpya. Nimeona nyimbo nzuri zikiitwa ngumu kwa miaka, shida ikiwa ni hiyo tu.

Mapigo yaonekane

Ukiingiza nota kwa kupiga kinanda kilichounganishwa na kompyuta, mashine itaandika ulichopiga, pamoja na kuchelewa kwako. Utapata nota zenye mikia mitatu na mapumziko madogo kama chawa. Safisha. Mwimbaji anahitaji kuona pigo linaanza wapi: katika 4/4 pigo la tatu lisifichwe katikati ya nota inayovuka, bali nota hiyo igawanywe na kuunganishwa kwa upinde; katika 6/8 nota ndogo zifungwe tatu tatu, si mbili mbili, la sivyo jicho litasoma 3/4. Nyimbo zetu nyingi zenye mwendo wa ngoma zinaingia vizuri zaidi kwenye 6/8 au 12/8 kuliko kwenye 4/4 iliyojaa vijitatu.

Ngoma na manyanga usiviandikie kurasa tano za vipimo vinavyofanana. Kipimo kimoja au viwili vya mtindo, alama ya kurudia, na neno "endelea". Mpigaji ngoma mzuri hatasoma zaidi ya hapo.

Kompyuta pia haijui unachokusudia kati ya A sharpu na B flati. Wimbo uko F, nawe umebonyeza kitufe cheusi. Inaweza kukuandikia A sharpu, na alto atababaika kwa nota anayoijua tangu utotoni. Ichague, bonyeza J, itageuka. Jambo hili liangalie upya kila unapohamisha wimbo. Mpiga kinanda akikuambia mpandishe nusu hatua kutoka F, programu itakupa sharpu 6 au flati 6 kwa sekunde moja, na hakuna atakayekushukuru. Nenda G, au shuka E flati.

Kurudi na kugeuza

Sasa turudi kwa yule mzee wa besi. Nyimbo zetu nyingi zina kiitikio kwanza, kisha mashairi, na kila ubeti unarudi kwenye kiitikio. Kwa umbo hilo D.C. inatosha: kila mtu anajua mwanzo uko wapi. Andika FINE, au "Mwisho", mahali pa kuishia kwa herufi nene juu ya stafu, na mwisho wa ubeti weka D.C. hapo mkono wa kulia. Nakushauri uongeze kwa Kiswahili cha wazi: "Rudi kiitikio". Hakuna mtunzi aliyepungukiwa heshima kwa kueleweka.

D.S. ndiyo yenye hila, maana alama ya kurudia inaweza kuwa kurasa mbili nyuma. Mwaka mmoja, mkesha wa Krismasi, niliandika wimbo wa kurasa nne, kopi za upande mmoja zilizobanwa pini, alama ikiwa katikati ya ukurasa wa kwanza na D.S. mwisho wa ukurasa wa nne. Kwenye mazoezi tulishinda kwa sababu nilikuwa napaza sauti. Kanisani sikuweza kupaza sauti. Karatasi zote ziligeuzwa kwa pamoja, mvumo wake ukakizidi kinanda, nusu ya kwaya ikarudi mwanzo kabisa, nusu ikarudi kwenye alama. Kwa vipimo vinne parokia ilisikiliza nyimbo mbili. Tangu hapo, kama marudio yanamtaka mtu ageuze zaidi ya ukurasa mmoja kurudi nyuma, ninaandika upya sehemu hiyo. Kompyuta hunakili na kubandika kwa sekunde kumi.

Kugeuza mbele nako kuna adabu yake. Ukurasa uishie mahali sauti nyingi zinapumzika, au walau kwenye nota ndefu. Wimbo wa kurasa mbili uchapwe ili kurasa zitazamane mtu akifungua, zisiwe mgongo kwa mgongo. Mpiga kinanda hana mkono wa tatu: yake iandae peke yake, kurasa zikiwa zimegundishwa kwa gundi ya karatasi zikae bapa, na ukilazimika kumgeuzisha, umpe pumziko la kutosha la mkono mmoja. MuseScore hukuruhusu kukata safu kwa kuchagua mstari wa kipimo na kubonyeza Enter, na kukata ukurasa kwa Ctrl+Enter. Nazitumia kufanya safu iishie sentensi inapoishia, kwa kuwa mtu husoma maneno kabla ya nota, apende asipende.

Namba za vipimo mwanzoni mwa kila safu ziache zilivyo. Programu huziweka yenyewe. Kwa wimbo mrefu ongeza herufi A, B, C ndani ya visanduku (Ctrl+M) mwanzo wa kila sehemu. "Tuanze B" ni maneno mawili. "Tuanze pale alto wanapopanda baada ya ile ndefu" ni ugomvi.

Wasomao sol-fa

Kuna kwaya ambazo ukizigawia stafu unakuwa umezigawia maua. Zinasoma d, r, m. Mfumo huo aliueneza John Curwen nchini Uingereza katika karne ya 19, akijenga juu ya kazi ya mwalimu Sarah Glover wa Norwich, na wamisionari wakauleta Afrika, ambako umekita mizizi. Enoch Sontonga, aliyetunga mwaka 1897 wimbo ambao sauti yake ndiyo ya wimbo wa taifa wa Tanzania, aliandika kwa sol-fa. Anayeudharau hajui anachodharau.

Programu za nota zimejengwa kwa ajili ya stafu, hivyo wengi huandika sol-fa kwenye programu ya kawaida ya maandishi. Fanya hivyo, lakini usipange kwa kugonga kitufe cha nafasi. Tengeneza jedwali, kila pigo kisanduku chake, sauti nne safu nne, maneno safu ya tano, kisha ufiche mistari ya jedwali. Nukta mbili kati ya mapigo, nukta moja inapogawa pigo nusu kwa nusu, mstari wima mwanzo wa kipimo, kistari cha kushikilia. Chagua herufi ambazo "l" haifanani na 1. Juu kabisa andika doh ni ipi, na wimbo ukihama katikati, andika tena. Kwa nota zilizopandishwa au kushushwa tumia fe, se, ta zilizozoeleka, usibuni zako.

Kabla hujaenda steshenari

Juu ya ukurasa wa kwanza pawe na jina la wimbo, mtunzi, mwaka, chanzo cha maneno kama ni Zaburi, na mwendo kwa namba ya mapigo kwa dakika. "Kwa furaha" peke yake kila mwalimu ana furaha yake. Chini, namba ya ukurasa na ya toleo: "Toleo la 3". Bila hiyo, mwezi ujao nusu ya soprano watakuwa na flati ulizozifuta.

Chapa kopi moja tu, kwa asilimia 100, bila kuiruhusu printa ikupunguzie ukurasa. Iweke juu ya meza, simama hatua moja nyuma, isome. Kisha mpe mtu ambaye hajawahi kuusikia wimbo, umwombe aimbe sauti yake huku wewe umenyamaza kabisa. Kila anaposita, tia alama ya penseli. Usimweleze, nenda ukarekebishe. Kusikiliza kompyuta ikiimba "aaa" husaidia kugundua nota mbaya, lakini haitakuambia kwamba "Bwana" limeandikwa "Bwna". Atakayetaka kuingia ndani zaidi atafute kitabu cha Elaine Gould, Behind Bars, cha mwaka 2011: kurasa zaidi ya 600 kuhusu mahali pa kuweka kila alama.

Ukituma kwa WhatsApp, tuma PDF kama faili, si picha uliyoipiga kwenye skrini; picha hubanwa njiani na mistari mitano hubaki minne. Kopi zitolewe kutoka PDF au kutoka kopi safi ya kwanza, kamwe si kopi ya kopi ya kopi.

Na ukihesabu idadi ya kopi, waimbaji, mpiga ngoma, na wewe mwenyewe, ongeza moja ya mpiga kinanda. Yeye ndiye husahaulika kila mara, na ndiye anayeanza.